Madam, Mbona Imepungua?

Wenzangu mliopangiwa Dar, Moro na Dodoma mmerudi na stori za msimamizi aliyeingia darasani bila hodi, andalio la somo lililokuwa halijakamilika, na bumu lililokata wiki ya tatu. Hizo na mimi ninazo, tena za kutosha. Ila leo naomba nizungumzie kitu kimoja kidogo kilichonikalia kichwani wiki zote nane nilizofundisha Newala, na mpaka sasa hakijatoka: kuzidisha sehemu. Ndiyo, zile zile za shule ya msingi, nusu mara robo, mbili na nusu mara moja na nusu. Usifunue ukurasa kwanza. Mtihani hakuna.

Nilipangiwa sekondari moja ya kata, nikapewa hisabati kidato cha pili. Anayekijua kidato cha pili anajua presha yake: Novemba kuna mtihani wa taifa, mkuu wa shule anataka asilimia zipande, na darasa lenyewe ukiliwekea mlinganyo wenye sehemu ndani yake, kalamu zinawekwa chini, mnabaki mnaangaliana. Mwalimu mwenyeji wangu, mzee aliyefundisha miaka mingi, aliniambia mapema kabisa: "Madam, usihangaike na aljebra. Hawa ugonjwa wao ni sehemu. Rudi huko ukaanzie." Nikapewa vipindi vya jioni, saa tisa na nusu mpaka kumi na nusu, kwa ajili ya kurudi huko.

Siku ya pili nikaandika ubaoni ½ × ¼ = ⅛. Juu kwa juu, chini kwa chini, kila mtu anaijua. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Madam, umesema tunazidisha. Sasa mbona imepungua?"

Darasa likacheka. Nikawaambia wanyamaze, kwa sababu yule binti alikuwa ameshika pale pale panapouma. Hebu lisikilize neno lenyewe. Bei imezidi. Joto limezidi. Mgonjwa amezidiwa. Umezidisha chumvi. Kiswahili chote, kuanzia jikoni mpaka hospitali, kinakuambia kuzidi ni kuongezeka, na kuzidisha ni kukifanya kitu kiwe kingi zaidi. Mtoto anaingia darasa la pili, anaambiwa tatu kuzidisha kwa nne ni kumi na mbili, anaona kweli, imezidi. Anakaa na ukweli huo miaka mitatu minne. Halafu siku moja anawekewa nusu na robo, anaambiwa azidishe, na kinachotoka ni kidogo kuliko vyote viwili alivyoanza navyo. Ukimwambia "ndiyo sheria," atakubali, maana mwalimu habishiwi. Ila moyoni anaandika kwamba hisabati ni somo ambalo maneno yake hayana maana yake. Na akishaandika hivyo, umempoteza.

Waingereza nao wana kesi hiyo hiyo, neno lao la kuzidisha limebeba maana ya kuongezeka vile vile, kwa hiyo kuhamia Kiingereza kidato cha kwanza hakukuwaokoa. Tena kuhama kwenyewe kuliwanyang'anya kitu. Shule ya msingi walifundishwa kwamba namba ya juu inaitwa kiasi na ya chini inaitwa asili. Ukitulia nayo, ni majina mazuri mno. Asili inakuambia hiki kipande ni cha ukoo gani: ni cha marobo, cha mathumni, cha mathuluthi? Kiasi kinakuambia viko vingapi. Robo tatu: ukoo wa robo, viko vitatu. Kwenye kujumlisha lazima kwanza uzifanye asili zifanane, kwa sababu huwezi kuhesabu pamoja watu wa koo mbili ukasema ni ukoo mmoja. Kwenye kuzidisha ukoo mpya unazaliwa: robo ukiikata nusu, kinachotoka si nusu wala si robo, ni thumni. Sasa kidato cha kwanza haya yote yanafutwa, mtoto anapewa numereta na dinomineta, anakariri kwamba N iko juu na D iko chini, basi. Niliwauliza darasani asili maana yake nini. Nusu saa nzima hakuna aliyefikiria kwamba ni asili ile ile ya "asili yako wapi?"

(Vipindi vya jioni nilifundisha kwa Kiswahili. Msinichongee.)

Wikiendi nilikuwa nashuka Masasi kwa mama yangu mdogo. Kwa ambao hamjafika: Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na pale mahali panapoitwa Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla, unaangalia chini huko kwenye bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Masasi iko chini, kwenye tambarare yenye ile milima ya mawe matupu inayochomoza bila taarifa. Mama mdogo anabangua korosho na kuzikaanga, anauza stendi kwa abiria. Vidole vyake vimeunguzwa na mafuta ya ganda miaka yote hiyo, japo anapaka majivu. Darasa la saba alimaliza, hapo ndipo alipoishia.

Jumamosi moja nilikuwa nasahihisha madaftari ukumbini kwake, yeye anabangua. Nikamuuliza, gunia moja la kilo 80 likiwa ghafi linakupa kiasi gani cha kuuza? Hakuacha hata kubangua. "Robo ndiyo inabaki korosho, nyingine yote ganda na ngozi. Hiyo kilo ishirini. Sasa katika hiyo, robo inavunjika mkononi, zile nauza rahisi. Nzima ni robo tatu ya robo. Kilo kumi na tano."

Robo tatu ya robo. Nikaandika pembeni mwa daftari la mtoto wa watu: ¾ × ¼ = 3/16. Tatu ya kumi na sita ya 80 ni 15. Mama mdogo hajawahi kuandika tatu juu ya kumi na sita maishani mwake, na ukimwambia "zidisha robo tatu kwa robo" atakuambia yeye hesabu zilimshinda. Lakini anaifanya kila wiki, kwa neno moja dogo: *ya*.

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu maneno. Kiswahili kina kuzidisha kwa namna tatu ambazo watu wanazitumia bila kuogopa. Kuna *mara*: shamba hili ni mara mbili ya lile. Kuna *kwa*: chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili. Na kuna *ya*: nusu ya robo. Tena hii ya mwisho imezoeleka mpaka imemezwa. Nenda dukani uombe "nusu robo" ya sukari, muuzaji atakupimia gramu 125, na hakuna hata mmoja kwenye foleni atakayeshangaa kwamba nusu na robo zimekutana zikatoa kitu kidogo kuliko zote mbili. Neno la nne, kuzidisha, ndilo la darasani, na ndilo pekee kati ya manne linaloahidi ongezeko. Sisi tunaosomea ualimu tunaanza na hilo.

Jumatatu nilifuta kila alama ya × iliyokuwa mbele ya sehemu, nikaandika "ya". Nusu ya robo. Thuluthi ya robo tatu. Hakuna aliyeuliza mbona imepungua, maana ukichukua sehemu *ya* kitu unategemea nini? Kijana mmoja anayesoma madrasa akaleta ya kwake: mume akifariki na ameacha watoto, fungu la mke ni thumni, wakiwa wake wawili, wanagawana thumni hiyo hiyo. Kwa hiyo kila mmoja anapata nusu ya thumni. "Moja ya kumi na sita, madam. Ustadhi alituambia." Alikuwa anaijua miaka yote hiyo, ila haikuwahi kumjia kwamba ni hisabati. Nikawaambia kwamba al-Khwarizmi, mtu wa Baghdad wa karne ya 9 ambaye kitabu chake ndicho kilichotuachia neno aljebra, alijaza sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa maswali ya mirathi kama hayo. Walifurahi kusikia kwamba aljebra nayo ina asili yake.

Lakini *ya* ina mwisho wake. Kwenye nusu ya robo inateleza vizuri, ila kwenye namba mchanganyiko inakwama: mbili na nusu *ya* moja na nusu, ndiyo nini hiyo? Na ndipo kosa kubwa lilipokuwa limelala. Niliwapa 2½ × 1½, na zaidi ya nusu ya darasa wakaleta jibu moja: mbili mara moja, mbili, nusu mara nusu, robo, jumla 2¼. Wameandika kwa ujasiri, wengine wamepigia mstari kwa rula. Ukiwaambia kanuni ya kitabu, geuza kwanza ziwe sehemu guni, yaani 5/2 na 3/2, zidisha upate 15/4, rudisha upate 3¾, watafanya na watapata. Kesho kutwa watarudi kwenye 2¼, kwa sababu kanuni hiyo haijawaambia ile njia yao ina ubaya gani.

Kwa hiyo tukatoka nje. Nilitumia *kwa*.

Kusini, kama sehemu nyingi za nchi hii, shamba halipimwi na mpimaji. Linapimwa na miguu. Ekari moja ni hatua 70 kwa 70, hilo kila mtoto wa Newala analijua kabla hajajua kusoma. Ukichukulia hatua ni mita, hizo ni mita za mraba 4,900, wakati ekari ya vitabuni ni kama 4,047 tu, lakini nenda kabishane na mtaa mzima. Tukachukua vigingi na kamba ya katani, tukafanya ekari ndogo uwanjani, hatua 7 kwa 7, tukakubaliana hiyo ndiyo ekari yetu. Swali la kwanza: nusu ekari ni ngapi kwa ngapi? Karibu wote: "Thelathini na tano kwa thelathini na tano!" Nikawaambia wafunge kamba. Wakakata upande huu katikati, wakakata na ule mwingine katikati, wakahesabu viraba. Vinne. Thelathini na tano kwa thelathini na tano ni kimoja kati ya vinne. Ni robo. Kulikuwa na ukimya, halafu kijana mmoja akasema taratibu kwamba baba yake ameuziwa kiwanja cha "nusu ekari" kwa vipimo hivyo hivyo. Sikumuuliza zaidi.

Kitu kingine nilichojifunza kwa wale watoto, na hakimo kwenye kitabu chochote cha chuoni: ukiwa kibarua wa palizi unayelipwa kwa ekari, usikubali mtu mrefu apime. Hatua yake ni ndefu, ekari yake inakuwa kubwa, na jembe ni lako. Tukaifanyia hesabu. Mwenye hatua ya tisa ya kumi ya mita anafupisha pande zote mbili, kwa hiyo eneo lake ni 9/10 kwa 9/10, yaani 81/100. Amepunguza moja ya kumi tu kila upande, kumbe karibu moja ya tano ya shamba imeondoka. Hii waliipenda kuliko somo lolote nililofundisha. Kusini kipimo ni jambo la watu kugombana. Huko ndiko kwenye kangomba, biashara ya kununua korosho za mkulima kwa bakuli, nje ya mizani na nje ya stakabadhi ghalani iliyoanza msimu wa 2007/08. Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, neno kangomba lilitajwa kila kona ya nchi. Mtoto aliyekulia kwenye mabishano ya namna hiyo humfundishi umuhimu wa vipimo. Unamwonyesha tu kwamba sehemu ni vipimo.

Halafu tukafika kwenye mbili na nusu kwa moja na nusu. Tukachora shamba la urefu wa ekari mbili na nusu, upana wa moja na nusu, yaani kwa miguu hatua 175 kwa 105. Ndani yake mna vipande vinne. Kuna mwili wa shamba, mbili kwa moja: ekari 2. Kuna ukanda wa pembeni kwa urefu, mbili kwa nusu: ekari 1. Kuna ukanda wa mwisho, nusu kwa moja: nusu ekari. Na kuna kile kikona, nusu kwa nusu: robo. Jumlisha vyote: tatu na robo tatu. Wale wa 2¼ walikuwa wamechukua mwili na kona, kanda mbili za pembeni wameziacha porini. Ekari moja na nusu nzima, imeachwa nje na watu waliopigia jibu mstari kwa rula.

Na ile sehemu guni ya kitabuni nayo ikaonekana ilikuwa inafanya nini. Ukikata kila kitu kwa nusu, urefu una nusu tano, upana una nusu tatu, shamba lote limekuwa viraba 15, na kila kiraba ni cha thelathini na tano kwa thelathini na tano, yaani robo. Robo kumi na tano. Kumi na tano chini yake nne. Si mazingaombwe, ni kuhesabu viraba tu.

Yule binti wa dawati la nyuma, aliyeuliza mbona imepungua, alibaki baada ya wenzake kuondoka. Akaniuliza kama anaweza kwenda na ile kamba nyumbani. Mama yake na wanawake wengine watatu walikuwa wamemaliza kupalilia mikorosho ya ndugu yao mmoja, kwa makubaliano ya shilingi 40,000 kwa ekari. Mwenye shamba alipima mwenyewe kwa hatua: huku mbili na nusu, huku moja na nusu. Akapiga hesabu hapo hapo, mbili kwa moja mbili, nusu kwa nusu robo. Ekari mbili na robo, shilingi 90,000. Wakagawana 22,500 kila mmoja.

Nilihisi damu inanipanda, lakini sikuwa na uhakika na vile vipimo. Jumamosi ile sikushuka Masasi. Binti na kaka yake walikwenda kulipima shamba upya, wakarudi na 175 kwa 105, kasoro hatua mbili tatu. Tatu na robo tatu mara 40,000 ni 150,000. Kila mama alitakiwa kupata 37,500. Kila mmoja alipungukiwa 15,000, na kwa nyumba ile 15,000 si ya kuokota.

Jioni nilikwenda kwao. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwalimu. Karibu, mwanangu, karibu ukae." Nikaletewa ming'oko ya kuchemsha na chai ya rangi. Binti hakungoja hata nimalize kikombe, akachora lile shamba kwenye mchanga kwa kijiti, vipande vinne, akamweleza mama yake kimoja kimoja. Mama alisikiliza mpaka mwisho, ameshika kidevu.

"Mgongo wangu ulijua," alisema. "Ekari mbili sisi wanne tunamaliza siku mbili. Lile tulilala nalo, siku ya nne ndiyo tunatoka." Akaangalia tena mchoro. "Kwa hiyo ametulipa tumbo na kona. Hizi mbavu mbili tumelima bure."

Binti akataka waende usiku ule ule. Mama akakataa. Yule ni kaka yao, japo si wa tumbo moja. Mwezi wa pili ghala likiwa tupu, yeye ndiye anayewakopesha unga. Na zaidi ya hapo, mama alisema, hakuwaibia. "Amepiga hesabu mbele yetu kwa sauti, na sisi tukaitikia. Alihesabu kama alivyofundishwa." Hapo nilikosa la kusema, maana ilikuwa kweli. Darasani kwangu nilikuwa na zaidi ya nusu ya watoto waliofundishwa vile vile, na wao ndio watakaokuwa wenye mashamba na wapalizi. Binti alinuna, akafuta mchoro kwa mguu. Mimi nilikunywa chai yangu. Kuna wenzangu niliowasimulia hapa hosteli wakasema ningeenda mwenyewe kumkabili yule mzee. Wiki nane za mazoezi ya kufundisha hazikupi haki ya kuvunja udugu wa watu halafu ukapanda basi kurudi chuo.

Wiki yangu ya mwisho, katikati ya Septemba, yule kaka alikuwa na kipande kingine cha kusafisha chini ya mikorosho kabla korosho hazijaanza kudondoka. Akawaita wale wale wanne. Safari hii mama alikwenda na vigingi. "Kaka," alimwambia, "tupige kigingi kila hatua sabini, na pale inapoishia nusu tuweke kijiti chembamba, tusije tukachanganyana." Mzee akasema vizuri. Halafu wale kina mama wakamchagua mmoja wao apime, wa kimo cha kati, kwa kisingizio kwamba goti la kaka linamsumbua. Goti la kaka halikuwa na tatizo lolote nililoliona.

Shamba likatoka moja na nusu kwa moja na nusu. Mzee mwenyewe ndiye aliyetembea ndani akihesabu kwa sauti, kwa sababu vigingi vilikuwa vimesimama mbele yake: ekari moja hii nzima, nusu hii ya pembeni, nusu hii ya huku, na kile kikona robo. Mbili na robo. Akazitoa noti mfukoni, akazihesabu, shilingi 90,000, akampa mama. Halafu akabaki amesimama. Aliangalia vigingi, akaangalia upande wa lile shamba la kwanza, kule ng'ambo ya njia, ambalo hata mtoto mdogo angekuambia ni kubwa kuliko hili.

"Lile la kule," alisema, "nalo si nililipa tisini?"

Hakuna aliyejibu. Mama alikuwa ameinama anang'oa vigingi, kimoja kimoja, anavipanga mkononi.

"Zilikuwa hatua ngapi kule?"

"Mia na sabini na tano kwa mia na tano, mjomba," binti akasema, kabla mama yake hajamkanyaga mguu.

Mzee akaokota kijiti, akachuchumaa, akaanza kuchora kwenye mchanga.